Bibi Kataka Bada

*Kikundi cha ukoo: Wa Nyumbani Ngamiani. Jumamosi asubuhi.*

Mwanakombo: Assalam aleykum wanangu. Mmeamkaje huko mliko? Mama kaamka vizuri leo. Kaswali kwa kukaa, kanywa chai ya mchaichai kikombe kizima. Mnajua tangu atoke hospitali ni uji tu, tena anagusa vijiko vichache anarudisha bakuli. Leo kaniita mwenyewe: "Kombo, nataka bada." Ule ugali wetu wa muhogo. Nikamuuliza, bada na nini mama? Akasema na papa.

Shabani: Waaleykum salaam Shangazi, shikamoo. Alhamdulillahi! Nilikuwa naogopa hata kufungua simu asubuhi. Mtu akitaja chakula kwa jina lake huyo anarudi.

Mwanakombo: Marahaba baba.

Zainabu: Dada umenitoa machozi huku Muheza. Bada!

Mwanahawa: Shikamoo mama mkubwa, shikamooni wote. Mwambieni Bibi nampenda.

Rehema: Shikamoo Shangazi. Nimetoka zamu ya usiku sasa hivi, habari hii imenitoa usingizi. Bada apewe. Ila papa mkavu hapana, nakuomba. Tuliambiwa chumvi ipungue, na papa yule anakaushwa kwa chumvi. Mtu mzima hata akiwa mzima wa afya anashauriwa asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hapo umehesabu ya mboga, ya mkate, ya kila kitu. Bibi presha yake tunaijua.

Mwanakombo: Nikimloweka usiku kucha je? Mama mwenyewe alikuwa anamloweka, anamwaga maji, anamloweka tena, ndipo anamchambua.

Rehema: Inapungua, haiishi. Ingekuwa miezi ijayo amekaa sawa ningesema kipande kidogo. Sasa hivi hapana, Shangazi. Miguu imeshuka?

Mwanakombo: Imeshuka. Jana kavaa ndala zake mwenyewe, alama ya soksi haionekani tena.

Rehema: Basi tusiirudishe.

Zainabu: Rehema kasema kweli. Dada, mpikie samaki, changu. Mama hajawahi kukataa changu wa nazi. Unga wa muhogo ninao, makopa niliyaanika mwenyewe juu ya jamvi, nikayaingiza ndani kila jioni yasipate umande. Muhogo wa kibandameno. Yamekauka meupe, ukivunja yanalia. Nimeyasaga juzi. Naufunga sasa hivi nampa dereva wa daladala ya Tanga, yule anayeegesha karibu na dukani kwetu. Saa tano uwe na mtu stendi.

Mwanakombo: Allah akubariki mdogo wangu. Wa dukani hapa niliununua wiki iliyopita, una vidoadoa vyeusi na harufu ya ukungu, nikaumwaga. Sikutaka kumpikia mgonjwa.

Bakari: Asalaam aleykum. Dada yangu kataka bada? Hiyo ndiyo habari. Nazi msinunue. Kijana wangu anatoka Pangani na pikipiki, ana shughuli zake Tanga, nampa nazi. Nazitikisa mwenyewe moja moja. Isiyolia maji sitii kwenye kiroba.

Zainabu: Shikamoo Mjomba. Usilete koroma tu.

Bakari: Marahaba. Mimi nimezaliwa chini ya mnazi, binti yangu. Koroma nitakunywa mimi.

Shabani: Shangazi, nani anakwenda kununua samaki? Kama ni yule kijana wa jirani, mwambieni asichukue wa sokoni saa nne, aende mnadani Deep Sea mapema mashua zinapoingia. Bibi alinifundisha pale nikiwa darasa la tatu. Alikuwa ananishika mkono, tunafika, hazungumzi bei. Kwanza anainua shavu la samaki kwa kidole gumba, anataka wekundu wa damu. Kisha jicho, liwe limejaa, lisiwe limezama wala kuwa na utando. Mwisho anabonyeza tumbo. Likibaki shimo anamrudisha chanoni bila neno. Siku moja mvuvi akamwambia, "Mama huyu wa alfajiri," Bibi akamjibu, "Alfajiri ya lini, mwanangu?" Watu wote pale mnadani walicheka, na yule mvuvi akatuchagulia changu wawili wazuri mno. Mpaka leo hapa Temeke nikienda soko la samaki la Feri nanunua hivyo hivyo.

Mwanakombo: Nakwenda mwenyewe. Mama Hadija wa nyumba ya pili atakaa na mama.

Mwanahawa: Mama mkubwa, mimi huku Mwanza nataka leo nipike pamoja nanyi. Changu sina, nina sato. Nazi zipo sokoni, ghali lakini zipo. Nieleze yote tangu mwanzo maana kila nikipika tui linakatika, linakuwa kama maziwa yaliyoganda.

Mwanakombo: Subiri nirudi nikuandikie kwa utulivu. Sauti sitaki, mama kalala.

*Saa nne na nusu.*

Mwanakombo: Nimerudi. Changu watatu wa wastani, mashavu mekundu kama alivyosema Shabani. Na mwembe wa jirani una mabichi, nimeomba matatu.

Haya Mwanahawa, sikiliza. Anza kwa kukuna nazi. Maji ya kuchujia yawe ya vuguvugu, ya baridi hayatoi tui vizuri. Ikune kwa mbuzi ya nazi kama unayo, ukifika karibu na kifuu acha, usikune ile nyama ya kahawia, inatia tui rangi. Mkamuo wa kwanza maji kidogo sana, kikombe tu, kamua kwa nguvu. Hilo ndilo kasimile, liweke pembeni, lifunike. Kisha rudia machicha na maji mengi zaidi, upate tui jepesi. Hilo ndilo la kupikia.

Samaki umeshampaka ndimu na kitunguu saumu na tangawizi iliyotwangwa. Chumvi kawaida ungetia hapa, sisi leo hatutii. Wengine wanamkaanga kwanza, mama hapendi, anasema mafuta yanaua nazi.

Sufuria jikoni: kitunguu, nyanya iliyokunwa, bizari ya manjano kidogo, tui jepesi, pilipili nzima usiipasue. Chemsha mpaka nyanya iive kabisa, isikuache na harufu ya ubichi. Weka vipande vya embe. Weka samaki. Toka hapo usitie mwiko, shika sufuria kwa vitambaa uitikise, samaki asivunjike. Akishaiva, punguza moto. Mimina kasimile polepole pembeni, na upawa unachota mchuzi unaurudisha, unachota unaurudisha, mpaka lichemke mara moja tu. Usifunike. Likichemka mara moja, teremsha. Tui linakatika kwa sababu mbili: moto mkali, au umeliacha peke yake ukaenda kuangalia simu.

Mwanahawa: Mimi hutia lote kwa pamoja na kufunika! Sasa nimeelewa.

Shabani: Upawa wa kifuu bado upo jamani?

Mwanakombo: Upo. Mpini umefungwa kwa kamba ya katani, aliufunga marehemu baba.

Bakari: Shemeji alikuwa hodari wa kufunga vitu. Alipokuwa mashamba ya mkonge alikuwa akirudi na nyuzi mfukoni. Na ile mbuzi ya nazi mnayoikalia niliichonga mimi, kwa gogo la mwembe, chuma nilichongesha kwa mhunzi wa Pangani. Nilimletea dada wiki aliyoolewa. Sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Akaniambia, "Hii nitaikalia mpaka wajukuu." Nikimkumbuka kaikalia, kanga kaifunga kiunoni, na nyinyi mmemzunguka mnagombania machicha na sukari.

Zainabu: Mimi na dada tulikuwa tunagombania maji ya nazi. Aliyepasua ndiye anayekunywa. Mama alikuwa anapasua mwenyewe kwa mgongo wa panga, halafu anatugawia kwa kile kikombe cha bati cha bluu, kila mtu funda mbili, anahesabu kwa sauti.

Rehema: Na mimi nilikuwa napewa funda tatu kwa sababu nilikuwa mgonjwa wa mara kwa mara. Shabani alikuwa anakasirika.

Shabani: Nilikasirika kweli. Siku hizi nikinunua dafu mtaani hapa huwa nakukumbuka, dada.

Zainabu: Ila dada, embe? Mchuzi wa bada mama alikuwa anatia ukwaju.

Mwanakombo: Wa papa alikuwa anatia ukwaju. Wa changu ni embe. Na ndimu mwishoni.

Zainabu: Mimi nakumbuka ukwaju kote.

Bakari: Mama yetu, yaani bibi yenu mkubwa, alikuwa anatia embe. Ukwaju dada kauanza alipohamia Ngamiani.

Rehema: Chochote kati ya hivyo kitafaa. Ukali ndio utakaomsaidia, ulimi ukipata uchachu hautafuti chumvi sana. Ndimu, embe, tangawizi, pilipili kidogo. Mimi wagonjwa wangu wa presha nawaambia hivyo hivyo, na vile viungo vya vipakiti vya kukolezea mchuzi waviache kabisa, vimejaa chumvi. Shangazi usitie hivyo hata kidogo.

Mwanakombo: Nyumba hii havijawahi kuingia. Mama alishavikataza.

Zainabu: Na mboga? Mchunga upo?

Mwanakombo: Upo, nimenunua fungu mbili kwa yule mama wa pembezoni mwa soko. Nauchemsha, namwaga maji ya kwanza, lakini sitaukamua sana. Mama anataka uchungu wake uusikie. Namalizia na tui lililobaki.

Mwanahawa: Mimi mchunga siuwezi mama mkubwa.

Mwanakombo: Utauweza ukiwa mkubwa. Mama yako aliulilia mpaka akaolewa, sasa anaulima.

Zainabu: Kweli kabisa, ninao nyuma ya nyumba.

*Saa saba mchana.*

Mwanakombo: Unga umefika, nazi zimefika. Zainabu, unga huu! Mweupe kama chokaa, hauna hata harufu. Maji yalipochemka nikapunguza kidogo kwenye bakuli, nikamwaga unga, nikasonga. Bada haisubiri, ukizubaa linaganda mabonge. Limevutika vizuri, limekuwa na ule mng'ao wa kijivu, mwiko unatoka safi.

Bakari: Lowanisha sahani kabla hujalipakua.

Mwanakombo: Nimelowanisha Mjomba.

Shabani: Kala?

Rehema: Shangazi kala?

Mwanahawa: Jamani tuambieni.

*Saa nane na robo.*

Mwanakombo: Samahanini, nilikuwa nimekaa naye, simu niliiacha chumbani.

Kala. Nilimwekea mkekani, akakataa, akataka kiti cha uani kwenye upepo. Akanawa. Akachovya kidole kwanza kwenye mchuzi, akaonja, akaniangalia. "Chumvi yangu mmeipeleka wapi?" Nikamwambia Rehema kaiweka. Akanyamaza kidogo, akasema, "Rehema ni mtoto mzuri, lakini akija nitazungumza naye." Kisha akamega tonge. Akamega jingine. Kamaliza changu mzima, kichwa kakinyonya mpaka mifupa imebaki myeupe, mchunga kala wote. Akaomba embe la kwenye mchuzi, nikamwongeza. Akasema, "Embe hili limeniamsha mdomo."

Rehema: Sina la kusema. Nipo nalia kitandani. Azungumze nami anavyotaka.

Zainabu: Allahu Akbar. Embe limeshinda dada, ukwaju naweka chini.

Bakari: Nilisema.

Shabani: Shangazi, alikunywa maji? Na dawa ya mchana?

Mwanakombo: Dawa kameza baada ya kula. Maji kanywa. Sasa kajilaza, anasikiliza redio.

Rehema: Presha mpime jioni akishapumzika, asiwe ametoka kutembea, mkono uegemee mezani. Niandikie namba zote mbili. Na samaki huyo asiwe kila siku na kasimile nyingi, siku nyingine mchuzi mwepesi, au mchicha, au mbaazi. Lakini leo ni leo, alhamdulillahi.

Mwanahawa: Wangu pia umetoka! Tui halikukatika! Nimetuma picha. Sato na embe, ila bada sikupata unga, nimepika wali. Mume wangu kaniuliza umefundishwa na nani.

Mwanakombo: Mchuzi una rangi. Mwambie ni mimi na bibi yako.

Shabani: Shangazi nimetuma fedha ya samaki ya wiki hii, angalia simu. Sio yote ya samaki, humo mna na ya Mama Hadija, mpe kitu, kakaa na Bibi asubuhi nzima. Mwezi ujao nikipata likizo nakuja mwenyewe, nikae angalau wiki moja, wewe ulale.

Mwanakombo: Nimeiona baba. Mungu akuzidishie. Nitampa, na mchuzi nimeshampelekea na bakuli lake.

Zainabu: Mimi Jumatano nakuja na machungwa. Nitalala hapo siku mbili, tupokezane usiku.

Rehema: Machungwa asinywe juisi iliyotiwa sukari, ale chungwa lenyewe.

Zainabu: Sawa, daktari wetu.

Mwanakombo: Mama kaamka, anauliza mnaandika nini. Nimemsomea yote. Kasema Bakari ile mbuzi mguu mmoja unacheza, uje uutengeneze. Na kesho asubuhi anataka mbaazi za nazi na maandazi mawili.

Rehema: Andazi moja.

Mwanakombo: Nimemwambia moja. Kasema moja na nusu.

Bakari: Mwambieni dada nakuja na patasi Jumatatu inshallah.

Zainabu: Dada, mbaazi ni kavu au mbichi? Kama kavu loweka sasa.

Mwanakombo: Kavu. Nimeshaloweka tangu alipotaja.