Je, muumini anaweza kukubali mageuzi ya viumbe?

Mwanga wa Mbali: Wakuu, swali hili linaninyima raha. Mwanzo 1 inasema siku sita. Wanasayansi wanasema dunia ina miaka zaidi ya bilioni 4.5 na viumbe vyote vina asili moja. Mtu anaweza kushika yote mawili? Mimi nasema anaweza. Papa Yohane Paulo II mwaka 1996 alitamka kwamba mageuzi ni zaidi ya nadharia tete. Anayekataa sayansi kwa kisingizio cha imani ni mvivu wa kusoma.

Neno Hai: Mvivu wa kusoma mimi? Biblia nimeimaliza jalada hadi jalada. "Ikawa jioni ikawa asubuhi" imetajwa mara sita, na Kutoka 20:11 inaisimamisha Sabato juu ya siku hizo hizo. Ukizifanya mamilioni ya miaka, Sabato unaishika ya nini? Papa si Maandiko.

Binti Salama: Kwetu Waislamu ugomvi hauko kwenye umri wa dunia. Qur'ani inataja siku sita, na inataja pia siku moja kwa Mola kuwa kama miaka elfu mnayohesabu. Kizito ni Adam. Aya ya 3:59 inamfananisha Isa naye: aliumbwa kwa udongo, akaambiwa "Kuwa", akawa. Ndiyo maana wapo wanazuoni wanaokubali mageuzi ya mimea na wanyama, lakini Adam wanamtoa humo.

Kisu Kikali: Dada, hapo kwenye kumtoa Adam ndipo mnapokwama. Nasali, na baiolojia nafundisha. Sokwe ana kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba) 48, sisi 46, na kromosomu yetu ya pili ina alama za mbili zilizoungana. Aliyefinyangwa peke yake kovu hilo kalitoa wapi?

Binti Salama: Unampangia Mungu namna ya kufinyanga? Kromosomu sijazikataa. Mbona Isa kuzaliwa bila baba unakubali, na vipimo hudai?

Neno Hai: Hapo niko na wewe, dada. Adam akiondoka, Warumi 5 inabaki na nini? Kama dhambi haikuingia kwa mtu mmoja, Kristo alikufia nini? Hilo Wakatoliki hawaligusi, maana wamezoea kusomewa na padri.

Mkatoliki Haswa: Kusomewa? Mendel aliyeonyesha jinsi sifa zinavyorithiwa alikuwa mtawa, na kazi yake ya njegere ilichapwa 1866. Lemaître aliyesema ulimwengu unapanuka alikuwa padri. Hao nao walisomewa? Na Adam tunamgusa sana. Papa Pius XII mwaka 1950 aliruhusu asili ya mwili ichunguzwe, akashikilia kuwa roho inaumbwa na Mungu moja kwa moja, na akasema haoni jinsi wazazi wengi wa kwanza watakavyopatana na dhambi ya asili.

Kisu Kikali: Basi ana kesi na vinasaba, maana vinaonyesha tumetoka kwenye kundi la maelfu, si wawili.

Mkatoliki Haswa: Wewe ngoja kwanza. Neno Hai, nimekuuliza: nani kasomewa?

Neno Hai: Mendel alisoma njegere, mimi nauliza Warumi. Kama unaisoma mwenyewe, chukua 5:12 uifafanue hapa bila kumtaja Papa yeyote.

Mkatoliki Haswa: Naifafanua. Na wewe ukae usome hadi mwisho, usiniruke kama ulivyomruka mleta mada.