Wiki ya 36, najisema kuliko wifi

MamaD_Pasua
Shikamooni wakubwa. Niko Moshi, mimba ya pili. Wa kwanza alitoka kwa upasuaji. Uchungu saa 14, njia ikagoma kwenye sentimita 6. Wifi aliniletea mtori wodini akasema, "Kula tu, ingawa wewe hukuzaa, ulipasuliwa." Mtori niliumaliza (ulikuwa mtamu, nisiseme uongo). Neno ndilo lililobaki. Sasa nikipanga kanga na mpira wa kujifungulia kwenye begi, mimi ndiye naendelea pale alipoishia: mwoga wewe, mzembe, hukusukuma. Nifanyeje nisifike leba nikiwa nagombana na nafsi yangu?

Bibi_Sakina
Marahaba mwanangu. Mimi ni mkunga mstaafu, niko Arusha. Hebu soma tena ulichoandika. Sentimita 6 nani anasukuma? Tunamkataza mama mpaka zitimie 10! Unajilaumu kwa kazi ambayo saa yake haikufika. Mlango wa kizazi haufunguki kwa ushujaa, na hofu nayo huweza kuurefusha uchungu, kwa hiyo huko kujitukana hakukusaidii hata kidogo. Tafuta karatasi za upasuaji ule, mwonyeshe daktari wiki hii, mpange utajifungulia wapi. Mwenye kovu hajaribu nyumbani. Ukiumwa kichwa kikali au kuona maluweluwe, usisubiri siku ya kliniki.

Dereva_wa_Rau
Mke wangu nilikuwa namwambia "jikaze", nikijua namsaidia. Siku moja akanijibu, "Nimejikaza tangu Januari, wewe umefanya nini?" Nikahamia kwenye kufua.

Mama_Wawili
Mdogo wangu alipokuwa karibu kujifungua nilimtumia ujumbe wa sauti: "Ukichoka, sema umechoka. Ukilia, lia. Wakikupeleka chumba cha upasuaji, wewe bado ni mama yake." Zamu yangu ilipofika, niliufungua ule ule nikausikiliza usiku, kwa sauti yangu mwenyewe. Nilijisikia mjinga dakika mbili hivi, kisha nikalala. Na baada ya kujifungua, machozi ya siku chache ni ya wengi. Yakipita wiki mbili mwambie nesi, usiyafiche.

MamaD_Pasua
Bibi, miaka mitatu sijawahi kuzihesabu hizo sentimita. Karatasi nimezipata, zilikuwa chini ya godoro. Na baba D nimemsomea ya dereva. Yuko nje na beseni.