Siamini tena, lakini naukosa usharika: je, nirudi?

Muulizaji, Moshi
Wandugu, salaam. Nilipata kipaimara katika usharika mmoja wa KKKT, kanisa la Kilutheri, hapa Moshi, lakini kwa miaka mingi sasa siamini kwamba Mungu yupo, wala sioni dalili ya kubadilika. Hamu ya mahubiri sina. Ninachokosa ni kwaya, ni jumuiya ya nyumba kwa nyumba, na ule mnada wa baada ya ibada ambapo mtu hununua mkungu wa ndizi kwa bei ambayo pale sokoni Mbuyuni angechekwa, kisha akaurudisha mezani unadiwe tena. Nikirudi kwa ajili ya watu tu, nitakuwa ninawadanganya?

Mzee wa Kanisa
Mwanangu, mlangoni mwa kanisa hakuna mtihani, na baadhi yetu tunaoketi mbele tunashukuru kwamba haupo. Hata hivyo, tofautisha kuhudhuria na kukiri. Kuimba, kuchangia ujenzi au kupanga viti msibani hakukulazimishi kusema uongo. Kusimama kama msimamizi wa ubatizo ni jambo jingine, kwa kuwa hapo unaahidi mbele ya usharika kumlea mtoto katika imani usiyo nayo. Na Chakula cha Bwana vilevile. Mwone mchungaji faragha, umweleze ulivyo.

Msomaji wa Historia
Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri kutoka misheni ya Leipzig, Ujerumani, aliyefika Uchaggani mwaka 1902, alishikilia kwamba ukoo, ujirani na rika ndivyo viwe msingi wa usharika, kwani aliwakuta watu tayari wamefungamana hivyo. Kwa maana hiyo, sehemu kubwa ya unachokitamani ilikuwapo mlimani kabla ya wamisionari, nao wakaijengea kanisa juu yake. Sioni kwa nini ujione mwizi.

Dada wa Arusha
Mimi pia siamini, na nilidhani kikoba kingetosha. Chetu kinakopesha, kinachangia harusi, kinasimamia mazishi, lakini daftari likishafungwa kila mtu anashika njia yake. Huko London, mwaka 2013, watu walianzisha mikutano ya Jumapili isiyo na Mungu, iitwayo Sunday Assembly, yenye nyimbo na hotuba. Ni wazo zuri, ila hata likiletwa hapa, shangazi zangu hawatakuwamo, nami ninawataka wao hasa. Swali langu kwako, Mzee, shikamoo: jumuiya huzunguka nyumba kwa nyumba, na kila mwenyeji hutarajiwa kuomba. Zamu ikimfikia huyu ndugu, afanyeje?

Mzee wa Kanisa
Marahaba, mwanangu. Akaribishe watu, apike chai, asome somo la siku, kisha amwombe jirani aongoze sala. Wapo waumini wazuri kabisa wanaofanya hivyo kwa sababu ya kuona haya tu, na katika jumuiya yetu hakuna anayewahoji. Akiulizwa waziwazi, hapo ndipo asijifiche.

Muulizaji, Moshi
Asanteni sana. Mchungaji nitamwona kabla ya kwenda mazoezi ya kwaya, wala si baada yake.