Gumzo la familia: Salim na mbio za koni

Salim: Shikamooni wakubwa. Nina swali, hasa kwa Mjomba Idi. Kuna klabu ya wapenda magari wanafanya otokrosi mwezi ujao na wanapokea wageni. Nataka kuingia na gari langu hilihili la kila siku. Mnaonaje?

Mama Mkubwa: Marahaba mwanangu. Mbio za magari? Gari hilo ndilo linalokupeleka kazini. Mimi sitaki.

Farida: Mama, mngoje Mjomba aeleze.

Mjomba Idi: Marahaba. Dada, nakuomba unisikilize. Hawa hawakimbizani bega kwa bega. Wanachukua uwanja mpana, mara nyingi eneo la kuegesha magari au uwanja wa ndege usiotumika, wanapanga koni, kisha magari yanaachiwa moja moja. Unashindana na saa. Mzunguko mmoja huchukua kama dakika moja, wakati mwingine haufiki. Njia imejaa kona, kwa hiyo magari mengi hubaki gia ya pili karibu muda wote.

Mjomba Idi: Kwa kanuni za SCCA, klabu ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1944, kila koni unayoiangusha inakuongezea sekunde 2. Ukiruka lango, yaani nafasi kati ya koni unayotakiwa kupita, mzunguko ule hauhesabiwi. Adhabu yake ndiyo hiyo.

Mama Mkubwa: Na kupinduka je? Usinifiche.

Mjomba Idi: Sikufichi. Hatari ipo, lakini wanaipunguza kwa makusudi. Magari yaliyoinuka juu na membamba hukataliwa, maana ndiyo yanayopinduka kwa urahisi. La Salim liko chini. Njia hupangwa mbali na nguzo na kingo, helmeti ni lazima, na kila gari hukaguliwa kabla halijasogea.

Salim: Wanakagua nini hasa?

Mjomba Idi: Betri iwe imefungwa isicheze. Nati za magurudumu zote zipo na zimekazwa. Beringi hazichezi. Pedali ya breki haizami. Pedali ya mafuta inarudi yenyewe ukiiachia. Tairi haijaonyesha nyuzi. Na utoe kila kitu kinachoweza kuruka: jeki, chupa ya maji, hata zulia la miguuni kwa dereva, lisije likaingia chini ya pedali.

Farida: Kaka Salim, umesoma bima yako? Mikataba mingi haigharamii uharibifu uliotokea kwenye mashindano ya kupimwa muda. Klabu ikiwa na bima, kwa kawaida ni ya madhara kwa watu wengine, si ya bodi ya gari lako.

Salim: Sijaisoma. Naisoma leo.

Mjomba Idi: Farida amesema la maana. Uliza pia wanakimbilia juu ya nini. Uingereza otokrosi hukimbiwa kwenye nyasi au udongo, na nchi nyingine nazo hutumia udongo. Hayo ni mambo mengine kabisa kwa gari la kila siku. Mimi nazungumzia lami.

Salim: Ni lami, wameandika. Sasa Mjomba, nianze na matairi mapya au shokapu? Nina akiba kidogo.

Mjomba Idi: Usinunue chochote! Hapa nakuomba sana. Wanaoanza wengi hupoteza muda kwa sababu ya macho, gari halina kosa. Wanatazama koni iliyo mbele ya boneti, na wakati huo kona inayofuata imeshawafikia. Tazama unakotaka kwenda, koni mbili tatu mbele, na mikono itafuata. Tena vifaa vikizidi unahamishiwa daraja la magari yaliyoandaliwa kwa mashindano, ukashindane na watu wa miaka mingi.

Mjomba Idi: Na uielewe tairi. Ina kiasi fulani tu cha kushika lami. Ukikitumia chote kwa breki, hakuna kinachobaki cha kukata kona, gari linakwenda moja kwa moja hata ukizungusha usukani wote. Kwa hiyo funga breki usukani ukiwa umenyooka, iachie taratibu unapoanza kukata, na mafuta yaje usukani unaporudi. Barabarani hili huwezi kulijifunza bila kumhatarisha mtu. Kwenye koni utalihisi kwa makalio siku ya kwanza.

Mjomba Idi: Dada, hili ndilo linalonifanya niseme aende. Kijana anayependa gari atataka tu kujua linaanza kuteleza wapi. Mimi namtaka alijue pale ambapo kitu cha kugongwa ni plastiki.

Mama Mkubwa: Hapo nimekuelewa, Idi. Lakini matairi si yatakwisha?

Mjomba Idi: Yanalika, hasa ya mbele upande wa nje. Ndiyo gharama yenyewe. Wengi huongeza upepo kidogo, wakachora chaki ukingoni mwa tairi waone inalalia hadi wapi.

Salim: Kuna mtu wa kunifundisha?

Mjomba Idi: Omba mwalimu akae nawe kitini, klabu nyingi hufanya hivyo kwa wageni. Asubuhi mtapewa muda wa kutembea njia kwa miguu. Itembee tena na tena mpaka uione ukifumba macho. Na ujue utafanya kazi pia: kila dereva hupewa zamu ya kusimama uwanjani, kuinua koni na kushika bendera nyekundu. Ukiwa pale usiligeuzie mgongo gari linalokuja, na simu ibaki mfukoni.

Farida: Mjomba, watu wawili wanaruhusiwa kutumia gari moja?

Mjomba Idi: Klabu nyingi zinaruhusu, ila kwa mizunguko tofauti. Unataka?

Farida: Nataka. Kaka, utanikubalia?

Salim: Dada, nimekukubalia. Helmeti tutaazimana.

Mama Mkubwa: Farida!

Mama Mkubwa: Haya. Ila nataka gari lipelekwe kwa fundi kabla, breki na beringi, na mnitumie alichosema.

Salim: Nalipeleka Jumamosi, Mama Mkubwa. Fomu naijaza nikishasoma bima.

Mjomba Idi: Mkimaliza siku ile, msiwashe tu mkaondoka. Kazeni nati upya na rudisheni upepo wa tairi kwenye kipimo chake kabla ya kuingia barabarani.