Bosi anataka programu ya afya kazini, nimwambie italipa au nimwambie ukweli?

Afisa Kivuli:
Wakuu habari za jioni. Mimi ni afisa utumishi kwenye kampuni ya kusambaza bidhaa hapa Dar. Tuko kama 140: wapakiaji wa ghalani, madereva na utingo wao, na sisi wa ofisini. Kila Jumatatu mezani kwangu zinatua ED (karatasi za daktari za kumpumzisha mtu kazini) nne, tano. Nyingi ni mgongo, zilizobaki presha na "uchovu".

Mkurugenzi alikwenda semina, karudi na makaratasi ya mshauri fulani. Kuna vipimo vya afya mara mbili kwa mwaka, saa za mkononi za kuhesabu hatua, shindano la kupunguza kitambi lenye zawadi, na mazoezi ya viungo Ijumaa saa kumi jioni. Milioni 38 kwa mwaka. Karatasi inasema kila shilingi moja inarudi tatu. Anataka andiko wiki ijayo, lionyeshe faida kwa kampuni na faida kwa mfanyakazi.

Hiyo moja inarudi tatu ina ukweli? Na nyie mlioajiriwa, vitu hivi viliwasaidia au mlipigwa picha tu na fulana mpya? Nawasilisha.

Utingo Mstaafu:
Mpakiaji umpe saa ya kuhesabu hatua? Mtu anashusha mifuko ya kilo 50 toka saa moja asubuhi, hatua zake kaziiba nani? Mpeni toroli na maji ya kunywa kwanza.

Mchumi wa Benchi:
Mkuu, hiyo tatu haikutoka hewani. Mwaka 2010 Katherine Baicker na wenzake walikusanya tafiti za Marekani wakakuta kila dola inayowekwa kwenye programu hizi inapunguza gharama za matibabu kwa dola 3.27 hivi, na za utoro kwa 2.73. Washauri wote wanaishi kwa namba hizo mpaka leo.

Ambacho hawakuambii ni kwamba Baicker huyohuyo, pamoja na Zirui Song, alirudi akapima upya kwa kura ya bahati nasibu. Walichukua maduka ya BJ's Wholesale Club, vituo 160, wafanyakazi karibu 33,000. Vituo vingine vikapata programu, vingine vikakosa. Majibu yalitoka 2019: baada ya miezi 18, walioipata walisema wanafanya mazoezi zaidi na wanaangalia uzito. Lakini presha, sukari, gharama za matibabu na siku za kutokuja kazini havikutofautiana na vya wenzao. Chuo Kikuu cha Illinois nao walipiga kura kama hiyo kwa watumishi wao karibu 5,000, wakaona kitu ambacho hata wewe unakijua: wanaojitokeza ni wale ambao tayari wako fiti. Angalia bonanza lolote, wanaokimbia ni walewale wanaokimbia kila Jumamosi. Ukiwalinganisha na waliobaki kitandani, lazima programu ionekane dawa.

Halafu kule Marekani mwajiri mkubwa mara nyingi analipa mwenyewe bili za hospitali za watu wake. Kampuni yako inalipa ada ya bima. Hata wote wakipona leo, ada haishuki kesho.

Nesi wa Kiwandani:
Msiitupe yote. Nimefanya kazi zahanati ya kiwanda miaka tisa. Siku moja ya vipimo nilimkuta fundi ana presha 190 kwa 110, anatembea, anacheka, anasema ni usingizi tu. Yule tulimwahi. Kwa mfanyakazi faida ndiyo hiyo, mtu hapotezi siku wala nauli kwenda kupanga foleni.

Kilichoua programu yetu ni midomo. Majibu yalipelekwa ofisi ya utumishi, dereva mwenye sukari akahamishiwa getini bila maelezo. Mwaka uliofuata tuliweka meza na kipimo, watu wakapita mbali kama tunauza sumu. Sheria ya Ukimwi ya 2008 inadai usiri, na ya taarifa binafsi ya 2022 nayo inalinda taarifa za afya. Jambo la pili: kupima afya za wafanyakazi tayari ni wajibu wenu chini ya sheria ya OSHA (usalama na afya kazini) ya 2003. Huyo mshauri anawauzia kitu mnachodaiwa.

Afisa Kivuli:
Dada, umenichoma. Majibu ya OSHA ya mwaka juzi yako kwenye faili kabatini kwangu, na ufunguo wa pili anao katibu muhtasi.

Nesi wa Kiwandani:
Anza na hilo kabati. Wewe unahitaji kujua kitu kimoja tu: anafaa kwa kazi hii au hafai. Ugonjwa gani, baki na daktari.

MamaWawili:
Mimi niko huduma kwa wateja, kazi ya simu. Tuliletewa mwalimu wa mazoezi, tukaenda mara tatu. Kilichotusaidia ni viwili. Ratiba ya zamu kutoka wiki mbili kabla, na kuachiwa saa nzima ya chakula, ambayo ipo kwenye sheria ya ajira ya 2004 lakini sisi tulikuwa tunapewa dakika 20. Dakika 20 unakula nini kama si chipsi mayai ukiwa umesimama?

Na samahani, nyingi za hizo ED za Jumatatu si mgongo. Mtu anakwepa watu wa kausha damu, wale wa mikopo ya riba kubwa, wanaomsubiri getini. Uliza taratibu utaambiwa.

Mwajiri Mdogo:
Nina gereji, vijana 22. Sijawahi kuita mshauri. Nilinunua lifti ya gari na nikaanza kuchangia chai ya saa nne. Faida naipima hivi: fundi akiondoka, mpya ananichukua miezi mpaka nimwamini na injini ya mteja. Kwa hiyo bosi wako usimwahidi pesa ya hospitali. Mhesabie siku za ED, mizigo inayoharibika, na watu wanaoacha kazi. Na ujaribu ghala moja kwanza, lingine libaki kama lilivyo, ulinganishe baada ya miezi sita.

Afisa Kivuli:
Mrejesho. Nimepekua ED za miezi mitatu: 61, na 44 zimetoka zamu ya upakiaji. Ofisini, ambako ndiko shindano la kitambi lingefanyika, ni sita tu. Nimempelekea bosi ukurasa mmoja bila ile tatu kwa moja. Toroli nne na saa ya chakula kakubali, ghala moja kwa majaribio. Faili zinahamia kwa daktari wetu. Kuhusu SACCOS, ili watu waachane na kausha damu, kasema nilete watu wa ushirika tuzungumze. Ila saa za kuhesabu hatua bado anazitaka, anasema zilimvutia sana semina.

Utingo Mstaafu:
Mnunulieni moja, ahesabu hatua za kutoka ofisini kwake mpaka ghalani.