MJADALA: Je, sheria ipige marufuku kumfungia farasi peke yake bandani?

Mleta mada

Wakuu, kila ikizungumzwa habari ya ukatili kwa farasi, watu hukimbilia mjeledi na lijamu. Naelewa. Mjeledi unaonekana kwenye kamera, na Norwei iliuwekea marufuku kwenye mbio tangu 1982. Lakini mbio ni dakika chache. Baada ya hapo farasi yuko wapi? Wengi wamefungiwa bandani, kuta pande tatu, mlango wa nusu, na hakuna mwenzake wa kumgusa mpaka kesho. Msimamo wangu ni kwamba hilo ni kosa kubwa kuliko mjeledi, na sheria ilikataze.

Farasi ni mnyama wa kuwindwa. Macho yake yako kandoni mwa kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa sehemu ndogo mbele ya paji na nyuma ya makalio. Sehemu hizo huangaliwa na wenzake. Wakiwa huru huishi majike wachache na watoto wao, pamoja na dume mmoja au zaidi, na ndani ya kundi kila mmoja ana rafiki zake. Watazame wawili wanavyokunana. Husimama wakiwa wameelekeana kinyume, mdomo wa juu unarefuka, meno ya mbele yanakuna pale shingo inapoungana na mgongo. Huyu akihamia kushoto, yule naye anahama. Watafiti waliwahi kukuna farasi kwa mkono mahali hapo hapo, mapigo ya moyo yakashuka. Walipokuna sehemu nyingine, hayakushuka.

Hata usingizi ni wa ushirika. Farasi husinzia amesimama, ila usingizi mzito wa ndoto hauji mpaka alale chini, na wakiwa wengi mara nyingi mmoja hubaki wima.

Tangu 2008 kanuni za Uswisi zinataka kila farasi aweze kumwona, kumsikia na kumnusa farasi mwenzake, na watoto walioachishwa kunyonya wafugwe kwa makundi. Uswidi nayo inataka haja yake ya kuishi na wenzake itimizwe. Karibuni, hoja kwa hoja.

Mchangiaji wa 1

Mkuu, umeandika vizuri, ila naona huna farasi wa thamani. Teke moja tu kwenye mfupa wa mguu na mnyama wa mashindano kwisha habari yake. Nani atalipa? Na madume je, tuwaweke pamoja wauane? Wangu yuko banda lake miaka, ametulia tuli, anakula, anang'aa. Msituletee huruma za kibinadamu kwa mnyama.

Mchangiaji wa 2

Ndugu yangu wa hapo juu, mimi natibu wanyama, na hilo neno "ametulia tuli" ndilo linalonitia wasiwasi. Nenda mtazame wakati hajui kama upo. Farasi anayepumzika hulegeza mguu mmoja wa nyuma, mdomo wa chini unaning'inia, masikio yanageukageuka. Yupo mwingine anayesimama shingo imenyooka sawa na mgongo, macho wazi hayatazami kitu, masikio hayasogei, na ukimgusa hashtuki. Huyo hajatulia, amejifunga ndani ya nafsi yake. Wenye farasi humsifu kwamba hana usumbufu!

Halafu wapo wanaoyumba mlangoni kushoto na kulia saa nzima, na wanaong'ata ukingo wa mbao na kuvuta hewa kooni kwa mlio. Watu huita tabia mbaya na kumvalisha mkanda wa shingo. Mkanda unazuia kitendo, chanzo kinabaki pale pale, na tabia ikishakomaa mara nyingi haiondoki hata akirudishwa malishoni.

Ila mleta mada, usiseme upweke peke yake. Tumbo la farasi humwaga asidi mchana na usiku, na mate ya kuipunguza makali hutoka anapotafuna tu. Akiwa malishoni anaweza kula saa 16 kwa siku. Mpe nafaka mara mbili na nyasi kidogo, tumbo linabaki tupu usiku kucha, vidonda vinaanza. Mwenzake peke yake hatibu hilo.

Mchangiaji wa 3

Sheria nzuri. Mkaguzi atapita lini, na atabisha hodi kwenye mabanda mangapi?

Mchangiaji wa 4

Mimi ni mfunzaji. Wenzangu wengi husema "mimi ndiye kundi lake, mimi ndiye kiongozi". Maneno matupu. Farasi hujifunza kwa kulegezewa: unabana mguu ubavuni, anasogea, unaachia hapo hapo. Ukichelewa kuachia umemfundisha kingine. Hiyo ni kazi ya mkono na muda, haihusiani na ubosi, na ikiisha unakwenda kwako kulala, yeye anabaki na ukuta.

Na wasiosikia mnyama anataka nini, huko Norwei farasi 23 walifundishwa kugusa mbao zenye alama ili kuomba wavikwe blanketi, wavuliwe, au waachwe kama walivyo. Walichagua kufuatana na hali ya hewa. Kwa hiyo kumuuliza inawezekana.

Mchangiaji wa 1

Sawa, lakini swali la mateke hamjalijibu.

Mleta mada

Nalijibu, maana ni swali la haki. Majeraha makubwa kundini si mengi kama tunavyoogopa, na mengi huanzia kwenye chakula kilichobanana au mgeni aliyesukumwa ndani siku ya kwanza. Mafungu ya nyasi yazidi idadi ya farasi, yaachane. Mgeni akae kwanza upande wa pili wa uzio. Vyuma vya kwato za nyuma vitolewe. Kuhusu madume, kituo cha taifa cha farasi cha Uswisi kule Avenches kiliwaweka madume wa mbegu malishoni pamoja; vurugu zilipungua ndani ya siku chache. Kituo hicho hicho kimejaribu pia mabanda ambayo kizuizi kati ya majirani kina nguzo zilizoachana kiasi cha kupitisha kichwa na shingo. Hilo halikunyimi banda lako, ndugu, na farasi wako anapata jirani wa kumkuna.

Kwa mchangiaji wa tatu: mkaguzi hawezi kufika kila mahali, ni kweli. Ndiyo maana ningeanzia penye karatasi, yaani kibali cha kujenga banda jipya na leseni ya mashindano. Asiyeonyesha farasi wake anamgusa nani, asipewe. Nani anapinga hapo, na kwa sababu gani?