Soda ya zero vikaoni: tunapunguza kitambi au tunajidanganya?

Mleta mada, Mtumba
Wadau, ofisini kwetu hapa Mtumba kuna ubishi. Kila kikao ni soda, sambusa na karanga, na vitambi vinaonekana. Imependekezwa soda za kawaida zifutwe, ziletwe za zero, zile zenye vitia utamu badala ya sukari. Mwenzetu mmoja akapinga: Shirika la Afya Duniani (WHO), Mei 2023, walishauri vitia utamu visivyo na sukari visitumike kama njia ya kudhibiti uzito. Msimamo wangu: zero ni afadhali kuliko soda ya sukari, ila maji yanazishinda zote. Nipingeni.

Ipagala
Mkuu, zero inaleta njaa. Mwaka 2025 ulitoka utafiti wa Marekani, watu 75 walipimwa ubongo. Baada ya kinywaji chenye sukralosi, kitia utamu kisicho sukari, sehemu inayosimamia njaa ilichangamka kuliko baada ya sukari. Halafu angalia wanywaji wa zero wenyewe, wengi si wembamba!

Mleta mada
Utafiti huo usome mpaka mwisho. Njaa waliyosema wanaisikia ilizidi ya waliokunywa sukari, haikuzidi ya waliokunywa maji. Na hao wanene: nani anahamia zero kama si yule ambaye suruali imeshambana? Unene umetangulia, soda imefuata. Ndiyo maana naamini zaidi majaribio ambayo mtu hajichagulii kinywaji. Uholanzi walichukua watoto 641, kila mmoja kopo moja kwa siku, wengine lenye sukari ya kalori 104, wengine lisilo nayo, bila kuambiwa wanakunywa lipi. Matokeo yalitoka 2012. Kwa miezi 18 wa sukari waliongezeka kilo 7.37, wenzao 6.35. Watoto wanakua, kuongezeka ni lazima, lakini kama zero ingewafanya wafidie kwenye chakula, hiyo kilo ingetoka wapi?

Majengo
Tafiti nyingine zinalipiwa na wenye soda. Ile ya Marekani ya 2016 iliyosema zero inapunguza uzito kuliko maji, kilo 6.2 kwa 2.5 kwa mwaka, fedha zilitoka chama cha kampuni za vinywaji. Iran, 2015, wanawake walioacha zero wakanywa maji baada ya chakula cha mchana ndio waliopungua zaidi.

Mleta mada
Hapo sina ubishi, kaka. Ndiyo maana nikasema maji.

Nkuhungu (muuguzi)
Naomba niingilie. Ushauri ule wa WHO hauwahusu waliokwisha kuwa na kisukari, imeandikwa wazi. Tena ni ushauri wenye masharti, kwa sababu ushahidi haujakaa sawa. Nimeona mama mwenye kisukari ameacha vidonge vyake vya utamu, amerudi kwenye vijiko vitatu vya sukari kwa kikombe cha chai ya rangi, eti "WHO wamekataza". Mkipeleka hoja huko ofisini, msiwatishe wagonjwa.

Ipagala
Basi tunywe juisi ya ubuyu, tuache mambo ya kopo.

Nkuhungu (muuguzi)
Ubuyu mchachu ule? Umewahi kuuziwa usio na sukari hapa mjini? Uliza kwanza jagi moja limeingia kiasi gani.

Mleta mada
Napeleka hivi: maji kwa wote, zero kwa atakayeomba, soda ya sukari itoke.

Majengo
Na sambusa? Naona mmezikwepa kwa makusudi.